Makabila 42 na waliobaki nje ya hesabu

Shuleni tuliambiwa Kenya ina makabila 42. Tuliikariri ile nambari kama jedwali la kuzidisha, tukaiandika kwenye mtihani, tukapata alama. Mwalimu hakuwahi kuyaorodhesha yote ubaoni, wala hakuna mtoto aliyenyoosha mkono kumwomba ayaorodheshe. Leo nikisikia watu wazima wakizungumza juu ya jamii ndogo za Kenya kama Waogiek, Wanubi au Wayaaku, naona ni darasa lile lile linaendelea. Maneno yamezoeleka hadi hakuna anayeuliza yalitoka wapi, na mengi yalitoka kwenye karatasi za serikali. Si kweli kwamba jamii hizi hazikuandikwa. Ziliandikwa sana, ila chini ya majina ya wengine.

"Kenya ina makabila 42"

Hakuna sheria yenye orodha hiyo. Hata majina tunayoyadhania ya kale, kama Wakalenjin, Waluhya na Wamijikenda, yalishika kama majina ya pamoja miaka ya 1930 na 1940, watu wa lahaja na koo mbalimbali walipoona heri wasimame pamoja. Jedwali la makabila katika sensa ya 2019 lina mistari zaidi ya mia, ukihesabu na vikundi vilivyo ndani ya makabila makubwa. Humo utawakuta Wadahalo wa pwani ya kaskazini, watu 575 tu, wenye lugha yenye sauti za kidoko ambazo wengi wetu huzihusisha na Kusini mwa Afrika.

Nambari yenyewe huongezwa kwa tamko. Februari 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwatambua Wamakonde kuwa kabila la 43, na Julai mwaka huo huo Wakenya wenye asili ya Kihindi wakawa la 44. Uchaguzi mkuu ulikuwa Agosti. Sisemi zaidi.

"Wandorobo ni kabila"

Neno hilo limetokana na Kimaasai, *il-torrobo*, yaani maskini wasio na ng'ombe, watu wa kula nyama ya porini. Ni jina la mfugaji kwa mtu asiyefuga. Wakoloni walilichukua kama lilivyo na kulibandika kwa kila mtu waliyemkuta msituni: Waogiek wa Mau na Mlima Elgon, Wasengwer wa Cherangany, Wayaaku wa Mukogodo na wengineo, jamii zenye lugha na historia tofauti kabisa. Ni kama mtu awaite wote wapandao daladala "watembea kwa miguu" kwa kuwa hawana magari, kisha atafute mfalme wao.

Hapo pangekuwa na dharau tu, na dharau watu wamezizoea. Lakini jina liligeuka sera. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter, ambayo kazi yake ilikwisha 1934, ilipendekeza "Wandorobo" wahamishiwe, kila inapowezekana, katika hifadhi ya kabila wanalokaribiana nalo. Jirani alikuwa na ardhi iliyopimwa na jina kwenye ramani. Mtu wa msituni hakuwa na vyote viwili, basi akaambiwa akaishi kwa jirani. Msitu wake ukabaki mali ya serikali.

Hoja hiyo haikuzikwa na ukoloni. Waendorois wa Ziwa Bogoria waliondolewa kando ya ziwa baada ya eneo kutangazwa hifadhi ya wanyama mwaka 1973. Pale ndipo mifugo yao ilipolamba chumvi, na ndipo walipofanyia matambiko yao. Walipofikisha kesi mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mojawapo ya majibu ya serikali lilikuwa kwamba Waendorois si jamii peke yao, ni sehemu tu ya jirani zao Watugen. Sauti ya Carter kabisa! Tume iliikataa hoja hiyo, na uamuzi wake ukaidhinishwa na Umoja wa Afrika Februari 2010. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake barani kuhusu haki ya jamii asilia kumiliki ardhi ya mababu.

"Waogiek ndio wanaomaliza msitu wa Mau"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inavaa nguo za mazingira, na nani asiyependa mazingira?

Anza na mzinga. Mogiek huupasua mtarakwa vipande viwili, akavichimba ndani, akavifunika tena na kuvifunga pamoja, akauweka mzinga juu ya mti mkubwa. Akirudi kuvuna hupanda na kienge cha moshi na mkoba wa ngozi. Ardhi ya ukoo haikuwa kiwanja cha mraba. Ilikuwa ukanda uliopanda mlima kutoka vichakani chini hadi msitu wa juu kabisa, ili nyuki wakimaliza maua ya chini watu wawafuate juu, hadi msimu wa silibwet, mti ambao asali yake ilisubiriwa kama sikukuu. Kila kimo kina maua yake na mwezi wake. Ukikata msitu wa kimo kimoja, umefuta mwezi mzima kwenye kalenda ya watu hao. Mtu wa namna hiyo ana sababu gani ya kushika msumeno?

Sasa angalia waliokuwa nao. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, lakini kampuni kubwa tatu zikaruhusiwa kuendelea. Mwaka 2001 ikamega zaidi ya hekta 60,000 za Mau na kuzitoa kwa makazi. Sababu iliyotajwa ya kugawa ardhi ilikuwa kuwapa makao wasio nayo, Waogiek wakiwemo; waliotoka na hati wengi hawakuwa Waogiek. Kisha Oktoba 2009 likaja tangazo: wakazi wote wa Mau waondoke ndani ya siku 30. Wakazi wote, bila kutofautisha aliyepewa hati juzi na aliyezaliwa na bibi aliyezaliwa humo humo.

Kesi ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ilisema Kenya imevunja vifungu saba vya Mkataba wa Afrika, na kwamba uharibifu wa Mau hauwezi kubebeshwa Waogiek, kwani ripoti za upande wa serikali wenyewe zilitaja walowezi wengine, umegaji wa msitu na vibali vya kukata miti. Juni 23, 2022 ikaja hukumu ya fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhila, pamoja na amri ya kupima ardhi yao na kuwapa hatimiliki. Novemba 2023, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena Sasimwani, Narok.

Katiba ya 2010 nayo haina kigugumizi. Kifungu cha 63 kinataja ardhi za mababu na zile zilizokaliwa tangu jadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Wanaosema watu hawa wanaomba upendeleo hawajakisoma.

"Wanubi na Wamakonde ni wageni"

Wageni tangu lini? Wanubi ni wazao wa askari kutoka Sudan walioingizwa katika jeshi la Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, wakawa uti wa mgongo wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa 1902. Badala ya malipo ya uzeeni walipewa mahali pa kuishi pembezoni mwa Nairobi, penye miti. Kwa Kinubi, lugha yao iliyotokana na Kiarabu, pahali hapo waliita *kibra*, msitu. Ndiyo Kibera hiyo unayoijua kwa picha za mabati. Mwaka 1918 eneo lilitangazwa rasmi likiwa na ekari 4,197. Hati waliyopewa askari ilikuwa ruhusa ya kukaa, si umiliki, na hapo ndipo kamba ilipokatikia. Walipopata hatimiliki ya jamii mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288.

Vijana wao wamezaliwa Nairobi vizazi vitano, na bado wakifika miaka 18 walikuwa wakipigwa msasa mbele ya kamati kabla ya kupata kitambulisho, huku mwenzao wa darasani akichukua chake kwa siku chache. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki ya watoto wa Kinubi kupata uraia tangu kuzaliwa.

Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani, wengi katika miaka ya 1930 na 1940, kwa hiyo walikuwa Kwale kabla ya kuwapo kwa nchi huru iitwayo Kenya. Kuishi bila kitambulisho hapa kwetu ni hivi: laini ya simu imesajiliwa kwa jina la jirani, kwa hiyo ukitumiwa pesa zinaingia kwa jirani. Akiwa mtu mzuri, utazipata. Akihama, ndio basi.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilifungua dirisha la miaka mitano kwa watu wasio na uraia waliokuwa nchini tangu 12 Desemba 1963. Dirisha lilifungwa Agosti 2016, Wamakonde wengi wakiwa hawajaandikishwa. Oktoba mwaka huo wakafunga safari kutoka Kwale kwenda Ikulu kwa miguu, wazee na akina mama wakiwemo. Baada ya kuwapokea, Rais aliamuru waandikishwe kabla ya Desemba.

Njia ikafunguka kwa wengine. Washona, ambao wazazi wao walikuja kueneza injili kutoka Zimbabwe na Zambia karibu na wakati wa uhuru, walitangaziwa uraia Desemba 2020, watu 1,670. Wapemba wa Kilifi na Kwale wakafuata 2023.

"Waata walikuwa majangili"

Waata, ambao Pwani huitwa Wasanye, waliwinda tembo Tsavo kwa uta mrefu ambao kuuvuta kulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45, na mshale wa sumu. Mwaka 1948 Tsavo ikatangazwa mbuga ya taifa, na kazi ya babu ikawa kosa la jinai. Msako wa 1956 na 1957 ukajaza jela. Pembe walizouza zilikuwa na wanunuzi, lakini hadithi huishia kwa mwenye uta. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni yenyewe iliona kuna kasoro, ikaanzisha mpango wa Galana ili Waata wawinde kwa kibali. Eneo hilo hatimaye likawa ranchi.

"Lugha zao zilikufa zenyewe"

Lugha haifi yenyewe. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, walikuwa wakitoa mahari kwa mizinga ya nyuki. Wamaasai walipohamishwa ili walowezi wapate nafasi, na jamii nyingine zenye kusema Kimaa, lugha ya Wamaasai, zikasukumwa kuelekea Mukogodo, majirani wapya waliokuja kuposa walikuja na ng'ombe. Baba gani angekataa ng'ombe akachukua mizinga? Basi kijana wa Kiyaaku naye akalazimika kutafuta ng'ombe, na aliyekuwa na ng'ombe alihitaji maneno ya ng'ombe, rangi zao, pembe zao, magonjwa yao, ambayo Kiyaaku hakikuwa nayo. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1930 walikaa kikao wakakubaliana watoto wafundishwe Kimaa. Ndiyo, waliamua wenyewe, baada ya chaguzi nyingine zote kwisha. Waelmolo, wavuvi wa Ziwa Turkana, leo huzungumza Kisamburu. Sensa ya 2019 iliwahesabu 1,104.

"Wamekwisha, wamebaki wachache tu"

Mwaka 2009 sensa iliwapata Waogiek 78,691. Mwaka 2019 ikawapata 52,596. Hakuna tauni iliyopita Mau katika miaka hiyo kumi. Karani wa sensa huuliza kabila, mtu hutaja, na jibu huangukia kwenye mstari uliokwisha kuchapwa.

Na jedwali lile lile la 2019, kati ya majina yanayoanza na D, si mbali na Wadahalo, lina mstari wa watu 23,171. Umeandikwa "Dorobo".