Mkono wa kulia, ubongo wa kushoto: picha ya ubongo inaona nini kwenye Parkinson

Ami yangu hushona kofia barazani kwake, Langoni, Lamu. Mkono wa kulia ndio wa sindano, na ndio ulioanza kumwasi. Akikaa kimya, kidole gumba na cha shahada vilikuwa vikisuguana vyenyewe, ungedhani anavuta uradi na tasbihi haipo. Akishika sindano, mtikisiko unatulia. Baadaye tukaona kandambili ya kulia imelika mbele, ya kushoto ingali nzima: mguu mmoja ulikuwa ukiburura.

Mtaani wakasema kiharusi. Lakini kiharusi huja ghafla, na akipatwa mtu ni kukimbizwa hospitali saa ile ile. Hili la ami lilinyemelea kwa miezi. Lilikuwa Parkinson, ugonjwa ulioelezwa na daktari Mwingereza James Parkinson mwaka 1817, na kwa kawaida huanzia upande mmoja wa mwili. Hata ukishafika upande wa pili, ule wa kwanza mara nyingi hubaki ndio ulioelemewa zaidi. Kutolingana huko kwa pande ndiko madaktari wanakokuita asimetria. Kipimo cha Hoehn na Yahr cha mwaka 1967, ambacho bado kinatumika, hutenga hatua ya kwanza kwa dalili za upande mmoja tu, na ya pili kwa zilizofika pande zote mbili.

Ndani ya ubongo, sehemu ya chini, kulia na kushoto, kuna vifungu vya seli zenye rangi nyeusi. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli, na kuipeleka, kwa nyuzi ndefu, sehemu ya ndani iitwayo striatamu, inayosaidia mwili kuanza mwendo na kuuendesha bila kusitasita. Katika Parkinson seli hizo hufa kidogo kidogo. Na kwa kuwa njia za mwendo hupishana, ubongo wa kushoto ukitawala mkono wa kulia, ami akitetemeka kulia upungufu mkubwa tunautafuta kushoto. Wapo wachache ambao mambo huwa kinyume, lakini hiyo ndiyo kanuni.

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, na sisi tulikwama. Ami alipigwa picha ya MRI, majibu yakasema ubongo uko salama. Jamaa wakashusha pumzi. Wengine wakaanza kutaja majini. Kumbe MRI ya kawaida huonyesha umbo. Ukisimama jeti ya Manda mchana ukaitazama Lamu, utaziona kuta na mapaa, lakini hutajua nyumba gani ina watu. Ngoja usiku: nyumba yenye watu ina taa. Kuta za ubongo wa mgonjwa wa Parkinson mara nyingi zimesimama vilevile. Taa ndizo zilizofifia.

Picha ya taa ipo. Mgonjwa hudungwa dawa yenye iodini-123, iitwayo ioflupani, ambayo hujishika kwenye ncha za nyuzi za dopamini. Baada ya saa tatu hadi sita mashine husoma mnururisho wake. Ilikubaliwa Ulaya mwaka 2000, na Marekani mwaka 2011 kwa kazi hii. Mtu mzima wa afya huonekana na alama mbili zinazong'aa, kila moja kama koma. Aliyesoma chuo cha Kurani atasema kama herufi ya wau, kichwa na mkia. Parkinson huanza kuula mkia, kutokea nyuma. Kwa mgonjwa anayetetemeka mkono wa kulia, koma ya kushoto hukatika mkia kwanza ikabaki nukta. Na kinachonigusa mimi ni hiki: mara nyingi koma ya upande wa pili nayo imeshapungua, ilhali mkono inaoutawala bado mwenyewe anauona mzima.

Picha hii husaidia hasa pale daktari anaposhuku mtetemeko wa aina nyingine, ule ambao mara nyingi hurithiwa, unaozidi mtu akinyanyua kikombe na ambao kwa kawaida hushika mikono yote miwili. Huko koma zote hubaki nzima. Hubaki nzima pia kwa mtu aliyetikiswa na dawa, kama baadhi za kuzuia kutapika au za maradhi ya akili. Lakini haiwezi kuitenga Parkinson na maradhi mengine yanayofanana nayo, ambayo nayo huua seli hizo hizo.

Ami hajapigwa picha hiyo, wala daktari hakuona haja. Alimkalisha kitini, akamwambia afumbe na kufumbua vidole, mkono mmoja baada ya mwingine. Wa kushoto ukaenda sawa. Wa kulia ulianza kwa kufunguka wote, kisha nusu, kisha robo, mpaka vidole vikawa vinacheza tu mahali pamoja. Kisha akamtembeza ukumbini: mkono wa kushoto ukipepea, wa kulia umening'inia ubavuni. Akaandika levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini.