Mvua ya kwanza Tabora sio ruksa ya kupanda

Kila mwaka mwishoni mwa Oktoba simu zinaanza, bwana shamba huku Uyui imenyesha, tupande? Na mi najibu kwa swali lilelile, umechimba? Mtu anacheka anadhani namtania, sitanii, mbegu inaota kwenye udongo sio kwenye wingu, sasa utajuaje kulivyo chini kama hujachimba.

Chukua jembe, chimba kama sentimita 20 hivi, alafu finya udongo wa chini kabisa mkononi. Ukishikana na una ubaridi, hapo tunaongea. Ukikuta juu pamelowa vidole viwili na chini bado ni vumbi lile la Septemba, rudi nyumbani ukanywe uji. Kwenye kichanga, na Tabora kichanga ndo kingi, hautashikana sana, we sikilizia ubaridi na angalia kama rangi imekolea.

Hesabu yake ni hii. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye mita 1 ya mraba, ekari nzima ni kama lita 4,000. Mvua ya milimita 12 inapiga bati mpaka ndani hamsikilizani, unaamini kabisa msimu umeingia, kumbe jua la Novemba linaweza kukausha milimita 5 na zaidi kwa siku, siku ya tatu huna kitu, na mahindi yanataka kama wiki hivi mpaka yachomoze. Ndo maana tunasema subiri zifike milimita 20 mpaka 30 ndani ya siku mbili tatu. Huna kipimamvua? Tafuta kopo ambalo mdomo na kitako vinalingana, liweke wazi mbali na paa na mti, asubuhi tumbukiza rula. Kopo lenye mdomo mpana na kitako chembamba litakudanganya.

Wazee wengine wanaangalia miyombo ikitoa yale majani mapya mekundu mekundu. Siwabezi, ni kweli msimu unakuwa karibu, ila miyombo inachipua kabla hata tone halijadondoka kwa sababu mizizi yake imeenda mbali chini, mahindi yako yana mizizi gani siku ya nne? Mi mwenyewe nilishadanganyika, mfuko mzima wa mbegu ukaishia kwa kwale, nikanunua mwingine, na mke wangu hajasahau mpaka leo.

Kingine ni redio. Mtu anasikia TMA, wale wa hali ya hewa, wametangaza mvua za vuli anakimbilia shamba. Huku kwetu msimu ni mmoja, Novemba mpaka Aprili, vuli ya Oktoba mpaka Desemba ni ya kanda ya Ziwa Victoria, pwani ya kaskazini na kaskazini mashariki, kwa Kigoma inagusa kule juu, Kibondo na Kakonko. Kwaiyo shemeji yako wa Kakonko akikupigia anasema mahindi yake yako magotini, mpongeze, lakini kama we uko Sikonge hapa Tabora usikurupuke. Na wakisema mvua itakuwa ya wastani wanaongelea jumla ya msimu, hiyo jumla inaweza kuja yote Desemba alafu Januari ikakauka wiki mbili, na mahindi ya kupanda Novemba mwishoni yanatoa mbelewele, yale maua ya juu, kuanzia Januari mwishoni, kukikauka muda huo ndo unaona gunzi lina punje upande mmoja.

Hiyo mi naikwepa kwa kupanda kwa mafungu, nusu shamba leo, nusu baada ya siku kumi, kazi inaongezeka kweli ila ukame haunikuti na shamba lote kwenye mbelewele. Na ikifika Krismasi hujapanda achana na mbegu ya kukomaa siku 120, maana ukiipanda Januari itataka maji mpaka Mei na mvua hapa Aprili inaaga, tafuta ya siku 90 hivi, sehemu inayobaki weka viazi vitamu.