Gimbi, nduma na swali la neno "la kawaida"

Asubuhi moja nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Nyeri anayecheza mchezo wangu wa maneno. "Dada, gimbi ndio nini? Siku 40 sijakosa hata moja, leo umenitoa kwa neno ambalo sijawahi kulisikia."

Mchezo ninaousimamia ni wa kubahatisha neno la herufi tano, na jibu la siku ile lilikuwa gimbi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Magimbi ya kuchemsha na chai ndiyo staftahi niliyokulia. Tulipoendelea kuandikiana nikagundua kwamba yeye naye amekulia staftahi hiyo hiyo, ila kwao inaitwa nduma. Chakula ni kimoja, majina ni mawili, yote yana herufi tano, na lolote ambalo ningeliweka lingemtoa mtu asiye na kosa.

Watu hudhani kazi ya kutunza orodha ya maneno ni kufungua kamusi. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka 2015, itakuambia kwamba neno lipo. Haitakuambia kama dereva wa bodaboda wa Kahama na mwalimu wa Malindi watalitambua wote wawili wakiliona.

Josh Wardle alipotengeneza Wordle, mchezo kama huu wangu lakini wa Kiingereza, alianza na maneno ya Kiingereza yapatayo 12,000 ya herufi tano. Mwenzi wake, Palak Shah, akayapitia moja moja na kuyagawa mafungu matatu: nalijua, silijui, huenda nalijua. Yakabaki kama 2,500 ya kuwa majibu. Mengine mchezaji akiyaandika yalipokelewa, lakini hayakuwekwa kuwa majibu. Uamuzi huo wa kuwa na orodha mbili ndio uliookoa mchezo wao, na mimi nimeufuata bila kusita. Ila mizani ilikuwa kichwa cha mtu mmoja aliyeishi Brooklyn. Mei 2022, mchezo ukiwa umeshanunuliwa na New York Times, jibu la siku likawa "homer", neno la Wamarekani kwa pigo fulani la besiboli. Wachezaji wa Uingereza walikasirika, na watu wakalitafuta kwa wingi hata Cambridge Dictionary ikalifanya neno la mwaka. Niliposoma habari ile nilimkumbuka dada wa Nyeri.

Njia ya pili ni kuhesabu. Unachukua lundo kubwa la maandishi, kompyuta inakuhesabia kila neno limetokea mara ngapi, na yanayoongoza unayaita ya kawaida. Nilijaribu. Shida ni kwamba maandishi ya Kiswahili yanayopatikana kwa wingi ni ya magazeti. Magazeti yanapenda bunge, sekta, kikao na hatua. Mwiko hauonekani. Ufizi hauonekani. Lakini nenda nyumba yoyote kuanzia Mtwara hadi Kisumu uulize mwiko ni nini: mtoto atakimbia jikoni kukuletea. Hesabu ya gazeti inapima wanachoandika waandishi, na mimi natafuta neno ambalo mchezaji akishindwa kulipata atajipiga paji la uso na kusema, "Ah, nililijua!"

Kuna kikwazo kingine ambacho Waingereza hawakijui, nacho ni umbo la neno. Hata Tanga hakuna anayekwenda sokoni kununua gimbi, tunanunua magimbi. Jibu langu lilikuwa gumu mara mbili. Ukope nao uko hivyo: sote tuna kope, nani anausema mmoja? Siku hizi kabla ya kupitisha nomino nauliza kama inatoka mdomoni kwa umoja au kwa wingi, na viatu naviweka mbele ya kiatu. Vitenzi vina tabu zaidi, kwa sababu mzizi mmoja unazaa ukoo mzima. Pika inatupa pikia na pikwa, soma inatupa somea na somwa. Ningeyaingiza yote, mchezo ungegeuka zoezi la sarufi. Kwa hiyo kitenzi kilichonyambuliwa kinaingia kwenye majibu pale tu kilipopata maisha yake chenyewe. Somea inaingia, maana watu husomea udaktari. Fulia inaingia pia: mtu aliyeishiwa fedha mitaani Dar anaambiwa amefulia, na hapo hakuna anayewaza nguo. Pikwa inabaki kwenye zinazopokelewa.

Kinachonisaidia zaidi ni kuuliza watu. Mtafiti Marc Brysbaert wa Chuo Kikuu cha Ghent na wenzake walitoa mwaka 2019 vipimo vya maneno 62,000 ya Kiingereza, baada ya kuwauliza watu zaidi ya 220,000 jambo moja: unalijua neno hili au hulijui? Humo walichanganya maneno ya kubuni, ili anayejibu ndiyo kwa kila kitu ajulikane. Mimi nafanya hivyo kwa watu wachache wa Mombasa, Nakuru, Mwanza, Unguja na Bukavu. Nilibuni "ndepu", na mzee mmoja akaniambia kwa uhakika kwamba ni samaki. Silabi zetu zinaruhusu. Neno la kubuni linaingia masikioni kama ndugu.

Neno lililonisumbua kuliko yote ni ngama. Kila aliyepita shule amekariri "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Niliowauliza wote walisema wanalijua. Nikawauliza ngama ni nini; wa Unguja tu ndiye aliyesema ni mahali chini ya chombo yanapokusanyika maji ya kukumbwa. Nililiondoa kwenye majibu kwa masikitiko, kwa sababu neno unalolijua ndani ya methali tu hulipati ukiachiwa herufi tupu.

Kwenye orodha ya kupokea, hata hivyo, sibani. Mtu wa Mombasa akiandika mtele, mchezo hauna haki ya kumjibu kwamba neno hilo halipo kwa kuwa usanifu ulichagua mchele. Nyanya yake alipika mtele. Kuambiwa na simu kwamba lugha ya nyumbani kwenu si neno kunauma, na nimepokea ujumbe wa kutosha wa watu walioumia. Ngama imo, pishi imo, gimbi na nduma zote zimo.

Juzi dada wa Nyeri aliniandikia tena. Siku hizi anaanza kila asubuhi na nduma. Siku hiyo N na D zilikaa mahali pake, na jaribio la pili akalipata jibu: ndizi.