Je, Mungu angeweza kutupa hiari bila uovu?

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda matangani Malindi, mtaa wa Muyeye, kwa baba aliyefiwa na mwanawe wa miaka saba. Mtoto aligongwa kando ya barabara na dereva mlevi. Nikakaa mkekani pamoja na baba huyo, nikamwambia nililodhani litamfariji: kwamba Mungu ametupa binadamu hiari, na wako wanaoitumia vibaya. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza taratibu, "Hiari ya nani, ndugu yangu? Ya dereva imeachwa ifanye itakavyo. Na ya mwanangu, aliyetaka kuvuka tu aende chuo cha Kurani?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilipoanza kusoma nikagundua kwamba mbali na kukosea adabu ya matangani, nilikuwa sijaielewa hoja yenyewe. Niliitumia kama maelezo ya kwa nini mtoto yule alikufa, na hoja ya hiari haikutungwa kueleza hilo. Ni kosa la watu wengi, wanaoamini na wasioamini, nami nililibeba miaka mingi.

Swali la jinsi Mungu mwema anavyoruhusu uovu ni la kale. Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa kaskazini, alianza kuandika juu ya hiari na uovu karibu mwaka 388. Leibniz, mwanafalsafa wa Kijerumani, alitoa kitabu kizima mwaka 1710 akidai kwamba ulimwengu huu ndio bora kuliko wote uliowezekana, na tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi likaangusha makanisa ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno, juu ya waliokuwa wakisali. Tangu hapo madai ya Leibniz yamekuwa magumu kutamkwa bila kusita. Hayo nayapita haraka, maana fundo lenyewe lilifungwa vizuri zaidi mwaka 1955.

Mwaka huo mwanafalsafa wa Australia, J. L. Mackie, alisema kwamba mambo matatu hayawezi kuwa kweli kwa pamoja: kwamba Mungu ana uwezo wote, kwamba ni mwema kabisa, na kwamba uovu upo. Kwake hili lilikuwa zaidi ya fumbo. Lilikuwa mgongano, sawa na kusema mlango umefungwa na uko wazi. Na wale waliojitetea kwa hiari aliwangoja mlangoni. Ikiwa mtu anaweza kuchagua wema kwa hiari yake mara moja, aliuliza, kuna ubaya gani achague hivyo kila mara? Na kama hilo linawezekana, kwa nini Mungu asiumbe watu wa namna hiyo tu, wenye hiari na wasiokosea kamwe?

Swali hilo lina nguvu, na anayelidharau hajalisikia vizuri. Mimi nililielewa nilipokumbuka bao.

Ukikaa uwanja wa Mkunguni, Lamu, mbele ya ngome, ukawatazama wazee wakicheza, utaona ubao wa mashimo 32 na kete 64, na watu wawili wametazamana. Mmoja huenda ni fundi. Fundi wa bao huona mbali. Anajua ukianzia hapa kete zako zitaishia wapi. Bao lina sharti: mwenye mtaji lazima ale. Kama una nafasi ya kula kete za mwenzako, huruhusiwi kutakata tu, yaani kusambaza kete zako bila kula. Kwa hiyo fundi anaweza kukupangia ubao mpaka ukabaki na mtaji mmoja peke yake. Utazichukua kete kwa mkono wako mwenyewe, utazisambaza wewe, wala hakuna aliyekushika. Lakini ukiulizwa kama ulichagua, utasema hapana. Ulicheza alichotaka fundi.

Sasa mwombe fundi mambo mawili kwa wakati mmoja: nichezee ubao wote niachie nafasi ya kweli ya kuchagua, halafu uhakikishe kwamba nitachagua unalotaka. La kwanza analiweza. La pili pia analiweza, kwa kukuachia mtaji mmoja. Yote mawili kwa pamoja hayafanyiki, na sababu haihusiani na umahiri wake. Umemwomba kitu kinachojifuta chenyewe. Ni kama kumwagiza fundi wa Matondoni akuundie jahazi ambalo si chombo. Akikataa, hutasema ameishiwa na ufundi.

Hapa ndipo wengi tunapokwama kwenye neno "uwezo wote". Tunalisikia kana kwamba linajumuisha kila sentensi inayoweza kutamkwa. Lakini si kila sentensi inataja kitu. Maneno "hiari inayolazimishwa" yana sarufi nzuri, ila hayana kitu nyuma yake, na kutofanya kisicho kitu si upungufu. Wanazuoni wa Kiislamu na wa Kikristo walilisema hili karne nyingi zilizopita: uwezo wa Mungu unahusu yanayowezekana.

Mackie angejibu: sawa, fundi hawezi kunilazimisha niwe huru. Lakini si anaweza kuchagua wa kucheza naye? Kama anajua kabla kwamba fulani, akiachiwa kabisa, atacheza vibaya, na fulani hatakosea hata mara moja, basi amkaribishe huyo wa pili ubaoni na wengine wasizaliwe.

Alvin Plantinga wa Marekani ndiye aliyelijibu hilo kwa makini, katika kitabu cha mwaka 1974. Jibu lake ni jembamba na linahitaji kusomwa polepole. Huenda, alisema, hakuna mchezaji wa namna hiyo. Huenda kila mtu ambaye Mungu angemwumba, akiachwa huru kweli, angekosea walau mara moja. Kama ni hivyo, basi hata mwenye uwezo wote asingepata ulimwengu wenye watu huru na usiokuwa na uovu, kwa sababu sehemu moja ya ulimwengu huo hukamilishwa na watu wenyewe.

Neno la kushika hapo ni "huenda". Plantinga hakudai kwamba ndivyo ilivyo. Na hapa ndipo nilipokuwa nimepotea.

Chukua mfano huu. Mtu anakushtaki barazani kwamba wewe ni mwongo: umesema asubuhi ulikuwa Lamu na jioni ulikuwa Malindi, na hilo haliwezekani. Unamjibu: kuna mashua za kuvuka hadi Mokowe, na kutoka Mokowe kuna mabasi yanayopita Witu na Garsen hadi Malindi, na mtu akiondoka mapema hufika mchana. Shtaka limeanguka. Angalia, lakini, ambacho hujakisema. Hujathibitisha kwamba ulipanda basi. Huenda ulipewa lifti. Hujasema ulikwenda Malindi kufanya nini. Hujasema kama safari ilikuwa na faida. Alidai haiwezekani, nawe umeonyesha njia moja ambayo kwayo ingewezekana. Basi.

Hoja ya hiari ni basi hilo la Mokowe. Mackie alisema haiwezekani Mungu mwema awepo pamoja na uovu. Plantinga akaonyesha njia moja ambayo kwayo inawezekana. William Rowe, mwanafalsafa ambaye hakuamini kuna Mungu, aliandika mwaka 1979 kwamba kwa maoni yake hakuna aliyewahi kuuthibitisha mgongano ule. Huo ni ushindi halisi. Ila mtu anayelichukua basi hilo hadi Muyeye, akamwambia baba aliyefiwa kwamba sasa anajua safari ilikuwa ya nini, ameongeza jambo ambalo halikuwamo.

Msomaji wa pwani atakuwa na swali lake hapa, tena la haki: mbona tunasema liandikwalo ndilo liwalo, na jitihada haiondoi kudura? Kama yameandikwa, hiari inatoka wapi?

Kujua na kusababisha ni vitu viwili. Mvuvi wa Malindi anajua siku ambayo bamvua, maji yanayojaa sana, itafika na siku ya maji mafu, na ujuzi wake hauvuti maji hata shubiri moja. Mfano huu unafika hapo tu, kwa sababu maji hayana hiari na Mungu katika imani zetu ni zaidi ya mtazamaji. Ndiyo maana Imamu Ashari wa Basra, aliyefariki mwaka 936 na ambaye akida yake ndiyo iliyofuatwa zaidi na wanazuoni wa Kishafii, alikwenda mbali zaidi: kitendo huumbwa na Mungu, na mja hukichuma, yaani hukifanya kuwa chake. Akaonyesha tofauti kwa mwili wenyewe. Mtu anayetetemeka kwa homa na mtu anayetembea kwenda na kurudi wote wanasogea, lakini kila mmoja anajua moyoni kipi kimemjia na kipi amekifanya. Iwapo neno "kuchuma" linamaliza tatizo au linalipa jina tu, wanazuoni wamebishana juu yake hadi leo, na mimi naona wanaosema linalipa jina tu wana haki ya kusikilizwa.

Lililo wazi ni kwamba kadari haikukusudiwa kumfunga mtu mikono. Tauni ilipoingia Shamu, nchi za Syria ya leo na jirani zake, mwaka wa 18 wa Hijra, Khalifa Umar aliamua kutoingia nchi ile. Abu Ubaida, jemadari wake huko, akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kisha akampa mfano wa mchunga ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kavu: akichunga huku au kule, kote ni kwa kadari. Aliyeisikia habari hii vizuri hawezi kumwacha mtoto karibu na barabara akasema imeandikwa.

Sasa mahali ambapo hoja inapwaya. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la baharini karibu na Sumatra liliua zaidi ya watu 220,000 pande zote za Bahari ya Hindi, na saa kadhaa baadaye bahari ya Malindi na Watamu ikaenda na kurudi isivyo kawaida. Hapa kwetu karibu sote tulinusurika. Majirani zetu Somalia walizika mamia. Hiari ya nani ilisukuma maji yale? Plantinga alitaja kwamba huenda viumbe wengine wenye hiari, kama Ibilisi, wana mkono katika maafa ya maumbile. Likichukuliwa kama basi jingine la Mokowe, linatosha, maana lilihitajika kuwezekana tu. Likichukuliwa kama maelezo, sioni ushahidi wowote. Wengine husema dunia yenye sheria za kudumu, ambamo maji huzamisha kila mara na moto huunguza kila mara, ndiyo pekee ambamo mtu anaweza kupanga na kuchagua. Hilo lina uzito zaidi kwangu, ingawa halisemi kwa nini bahari iwe kali kiasi kile.

Rowe ndiye aliyelibadilisha swali. Aliacha kuuliza kama inawezekana, akauliza kama inaelekea. Alimtaja mtoto wa kulungu aliyenaswa na moto msituni, akaungua, akateseka siku kadhaa peke yake hadi kufa, bila mtu kuona wala kujifunza chochote. Mateso hayo yalilinda hiari ya nani?

Huku kwetu hatuhitaji kwenda msitu wa mbali. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, nje ya Malindi, ya watu walioambiwa kwamba kufunga mpaka kufa kutawafikisha kwa Yesu. Wengi walikuwa watoto. Mtu mzima aliyekwenda huko tunaweza kubishana kama alikwenda kwa hiari. Mtoto hakuchagua. Hoja ya hiari inaweza kusema kwamba kuwapo kwa waliofanya hayo hakumkanushi Mungu. Haiwezi kusema kwamba uhuru wao ulistahili bei ile, na mtu akisema hivyo kwa niaba ya hoja, anaisingizia.

Kuna kisa cha kale kinachoonyesha hatari hii kuliko chochote nilichosoma, ingawa baadhi ya wanahistoria hukitilia shaka. Inasimuliwa kwamba Ashari, akiwa bado mwanafunzi wa Jubbai, mkubwa wa Muutazila wa Basra, wanazuoni wa Kiislamu waliotetea hiari ya mja na uadilifu wa Mungu, alimuuliza mwalimu wake juu ya ndugu watatu waliokufa: mcha Mungu, muasi, na mtoto mdogo. Mwalimu akasema wa kwanza amepata daraja peponi, wa pili ameadhibiwa, na wa tatu ameokoka tu. Ashari akasema, mtoto akiuliza kwa nini hakuachwa aishi apate daraja kama kaka yake? Mungu atamwambia, alisema Jubbai, nilijua ungekua ungeasi, nikakufisha kwa manufaa yako. Ndipo Ashari akamuuliza: na yule muasi akipaza sauti kutoka motoni, "Mola wangu, mbona mimi hukunifisha nikiwa mdogo?" Jubbai akanyamaza.

Jubbai hakuwa mjinga. Alikamatwa kwa sababu alitoa sababu ya kifo cha mtoto mmoja, na sababu ikishatolewa kwa mmoja, wote watakuja kuidai.

Tangu nilipokielewa kisa hicho nimekuwa nikiyasikiliza maneno ya matangani kwa sikio jingine. Wapo wanaosema Mungu amempenda zaidi, na hiyo ni sababu. Anayempenda mwanawe pia ana haki ya kuuliza mbona. Wapo wanaosema kazi ya Mungu haina makosa, na hilo ni tamko la imani lisilotaja sababu. Na yapo yale yanayosemwa kabla ya mengine yote, habari ya msiba inapofika tu: sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Nimeyasikia tangu utotoni bila kugundua kwamba hayajaribu kabisa kujibu kwa nini. Yanasema ni wa nani na anakwenda wapi. Arubaini ya mtoto yule nilirudi Muyeye, nikamwambia baba yake nilikosea. Alinisogezea mkeka, nikakaa.