Malori ya zamani ya Bedford: yanayosemwa na yalivyo

Ukisikia mtu anauza "Bedford la mwaka 1928", muulize vizuri. Malori hayo, yaliyoundwa Uingereza, yaliuzwa kwa jina la Chevrolet mpaka ya kwanza yenye jina la Bedford pekee yalipotoka mwaka 1931. Wapo pia wanaoamini yaliundwa katika mji wa Bedford. Sivyo: yaliundwa na Vauxhall, kampuni iliyonunuliwa na General Motors ya Marekani, wenye Chevrolet, mwaka 1925, na jina linahusiana na kaunti ya Bedfordshire, kilipokuwa kiwanda chake cha Luton.

Dhana sugu kuliko zote ni kwamba kabini ndiyo lori. TK, modeli mojawapo ya Bedford, lilitoka mwaka 1960. KM, ndugu yake mzito, lilifuata mwaka 1966 likiwa na uso uleule kwa anayetazama kwa mbali; tofauti iko chini, kwenye chasi, ekseli na injini. TL la mwaka 1980 nalo huitwa TK kila siku, ingawa kabini yake nzima huinamishwa mbele, wakati kwenye TK fundi hufungua vifuniko vya ubavuni nyuma ya milango ili aifikie injini. Isitoshe, lori likipinduka, gereji haioni taabu kulivisha kabini ya jingine. Kwa hiyo anza na namba iliyogongwa kwenye chasi yenyewe. Kibati cha namba kilicho kwenye kabini kisome baadaye, maana kinashikwa na ribiti chache tu na kinahamishika.

"Mwaka uko kwenye kadi ya usajili," husema wengine. Kadi inakuambia tu lori lilisajiliwa lini. RL, lori la jeshi la Uingereza lililoanza mwaka 1953, liliuzwa kwa raia baada ya miaka mingi ya utumishi, na usajili wa kiraia ukaanzia hapo.

Wengine wakikuta injini ya Perkins P6, ya kampuni nyingine, chini ya boneti hukata tamaa, wakidhani lori limeshachakachuliwa. Huenda ndivyo, huenda sivyo: miaka ya 1950 yapo Bedford yaliyouzwa mapya na injini hiyo ya dizeli. Na bodi ya mbao si dosari. Kiwanda kiliuza malori mengi yakiwa chasi na kabini tu, bodi ikaundwa na mafundi wengine, pengine nchi ya mbali kabisa.

Sasa utunzaji. Haraka ya kupiga msasa na rangi mpya inaniudhi kuliko kutu. Chini ya rangi ya juu mlangoni huweza kuwamo jina la mwenye mali, mji wake na uzito ulioruhusiwa, na ukishalisugua hilo hulirudishi. Piga picha kwanza, kila upande, na uache kipande cha rangi ya zamani mahali pasipoonekana.

Turubai la nailoni lililobana hufungia unyevu ndani, kabini ikaoza kimyakimya. Banda lenye hewa ni bora. Kuwasha injini dakika chache kila wiki nako hakusaidii, kwani isipopata moto wa kutosha maji hubaki kwenye oili na bomba la moshi. Iache, au iendeshe mpaka ipate moto sawasawa.

Na breki: lainingi (bitana zinazosugua ili kusimamisha gurudumu) za enzi hizo zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usipulize vumbi lake kwa kompresa, wala usilifagie likiwa kavu. Lowesha, ufute kwa kitambaa, ukifunge kwenye mfuko.