Mkate unakwama kooni? Usiuchovye, nenda ukapimwe

Kila mtu ana namna yake ya kula mkate. Kuna anayeutaka wa kuchoma, mkavu, unaolia mdomoni. Kuna wa siagi hadi pembeni. Kuna asiyeula mpaka auchovye kwenye chai. Hayo ni mapenzi ya mtu. Lakini mimi nafanya kazi chumba cha kipimo cha kamera ya koo na tumbo, na kuna uchovyaji unaonitia hofu, kwa sababu unaweza kuficha saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Maswali haya naulizwa karibu kila wiki.

Kuchovya mkate kwenye chai kuna ubaya gani?

Kama umechovya tangu utoto, hakuna. Nauliza hivi: ulianza lini, na kwa nini? Mzee mmoja aliletwa na binti yake, akasema baba siku hizi amebadilika tu, anapenda vyakula laini. Nikamuuliza mzee taratibu. Kwanza aliacha tosti. Kisha chapati, kisha mihogo. Ugali akawa anaukanda kwenye mchuzi hadi uwe kama uji. Mkanda wake wa suruali ulikuwa na matundu mawili mapya aliyotoboa kwa msumari. Miezi mitano! Nyumbani wote walidhani amechagua.

Hakuchagua. Chakula kilikuwa hakipiti.

Umio ni nini?

Ni mrija wa nyama unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Unatanuka, ndiyo maana uvimbe ukianza ndani yake husikii kitu mapema. Chakula kikavu kikianza kukwama, mara nyingi njia imeshabanwa sana.

Lakini nikishushia na maji kinapita.

Kinapita leo. Mtu mwenye umio mzima hahitaji kusukuma kila tonge kwa maji. Saratani ya umio huenda kwa ngazi: kwanza vikavu, halafu vilaini, halafu uji, mwisho hata mate. Kila ukishuka ngazi moja na kujizoesha, unaupa uvimbe muda wa kukua.

Si ni vidonda vya tumbo tu?

Hili ndilo jibu ninalolisikia zaidi, na ndilo linalotuchelewesha. Kiungulia na vidonda vya tumbo huleta maumivu na kuchoma. Chakula kukwama ni jambo jingine. Ukinywa dawa ya vidonda ukapata nafuu kidogo, huko si kupona. Chakula kinachokwama kinahitaji kipimo.

Wazee wamesema ni kimeo, kikatwe.

Hapana. Kimeo kiko nyuma ya mdomo, unakiona kwenye kioo. Hakizuii mkate kifuani. Kukikata kunaleta damu na maambukizi, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale. Nawaomba sana, acheni.

Nimeambiwa nimelishwa kitu.

Aliyekwambia hivyo hajaona ndani ya umio wako. Sisi tunaona. Kipimo kwanza.

Nisubiri muda gani?

Usisubiri miezi. Vikavu vikikukwama kwa wiki mbili, nenda hospitali. Kama unapungua uzito, chakula kinarudi, au sauti imekauka, usingoje hata hizo wiki mbili. Na usiseme mimi bado kijana: huku kwetu tunawapata hata wenye miaka thelathini na kitu.

Kwa nini huku kwetu?

Kuna ukanda wa Afrika unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako saratani hii ni nyingi kuliko kwingine barani. Sababu hazijajulikana zote. Tumbaku na pombe zimo. Na imo tabia tunayoionea fahari: chai ya moto inayotoka kwenye chupa moja kwa moja mdomoni.

Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 za Selsiasi kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Kosa ni joto, si majani ya chai wala maziwa. Watafiti waliopima chai mkoani Kilimanjaro walikuta watu wengi wakianza kunywa ikiwa juu ya kiwango hicho. Ukilazimika kuipuliza na kuivuta kwa mdomo, bado ni ya moto mno. Mimina, weka mezani, pakaza mkate wako kwanza. Uji nao vivyo hivyo. Na mtoto asifundishwe kwamba chai ya vuguvugu ni ya mgonjwa.

Na tosti iliyoungua?

Ikwangue sehemu nyeusi, ule. Watu wanaogopa ule weusi wa mkate huku wameshika kikombe kinachotoka mvuke. Hofu hiyo ihamishieni kwenye kikombe.

Kipimo cha kamera kinauma?

Koo hupuliziwa dawa ya ganzi, mrija mwembamba wenye kamera unaingizwa, na kipande kidogo cha nyama kinachukuliwa kwenda maabara. Unapata kichefuchefu, machozi yanatoka, baada ya dakika chache kimekwisha. Ugonjwa ukikutwa mapema, kuna upasuaji, mionzi na dawa. Ukichelewa sana, mara nyingi tunabaki kuweka kimrija cha kutanua njia ili angalau mtu ameze uji. Nakiweka nikijua ilivyowezekana kuwa vingine.

Nikifika zahanati niseme nini?

Usianze na "nina vidonda vya tumbo", maana utaondoka na dawa ya vidonda. Sema: "Mkate unakwama, ulianza mwezi fulani, sasa hata chapati." Weka kidole pale pale panapokwama. Kisha omba rufaa ya kwenda kwenye kipimo cha kamera, na usiondoke bila kuambiwa uende hospitali gani na lini.