Je, Wajua Kwa Nini Mwalimu wa Yoga Hapaswi Kumkandamiza Mwanafunzi Mgongoni?

Tuseme ni Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja mjini Moshi. Mpagazi aliyeshuka Kilimanjaro juzi ameketi kwenye mkeka, ameinyoosha miguu mbele na anajaribu kushika vidole vyake, lakini mikono inaishia kwenye muundi. Mwalimu amesimama nyuma yake. Kishawishi cha kumwekea viganja mgongoni na kumkandamiza kidogo ili afike ni kikubwa, na wapo walimu wanaofanya hivyo kwa nia njema kabisa. Mwalimu anayeujua mwili hujizuia, na sababu yake imo ndani ya msuli wenyewe.

Katikati ya nyuzi za msuli mna vipokezi vidogo vinavyopima urefu wa msuli na kasi ya kuvutwa kwake. Msuli ukivutwa ghafla, vipokezi hivyo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na amri ya kujikaza hurudi papo hapo bila kusubiri ubongo uamue. Ndiyo maana daktari akigonga chini ya kifuniko cha goti, mguu huruka wenyewe. Kwa hiyo anayekandamiza kwa ghafla anauvuta msuli ambao, wakati huohuo, unajivuta upande wa pili, na katika mvutano huo kinachoweza kuumia ni kano inayoushikiza msuli wa nyuma ya paja kwenye mfupa wa kukalia. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, hivyo hupona polepole. Mtu anaweza kukaa miezi kadhaa akisikia maumivu chini ya tako kila anapoketi kwenye daladala.

Kwa mpagazi wetu lipo jambo la ziada. Kutoka kambi ya Barafu, iliyo zaidi ya mita 4,600, hadi lango la Mweka, lililo chini ya mita 1,700, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki, yaani hurefuka huku imebeba uzito wa mwili na mzigo, na kazi ya namna hiyo huichana nyuzi zake michano midogo mno. Maumivu yake huwa makali zaidi kati ya saa 24 na 72 baadaye, yaani siku hasa anapofika darasani akiomba anyooshwe. (Wapagazi huitana wagumu, na hapo hawasemi habari za kujikunja.) Mtu huyo anafaa kulala chali na kuegemeza miguu ukutani, au kujongeajongea taratibu. Mivuto mikali ingoje wiki ijayo.

Hata hivyo, mimi humhofia zaidi mwanafunzi mlaini. Mgumu husimamishwa na misuli yake mapema, ilhali mlaini huendelea mpaka azuiwe na ligamenti za kiungo, yaani kamba zinazofunga mfupa na mfupa, ambazo zikishalegea hazirudi kwa urahisi katika urefu wake wa awali. Darasa zima humsifu, naye huzidi kujikunja. Huyo aambiwe aishie kabla ya mwisho wake na akaze misuli. Vivyo hivyo katika kukunja miguu na kupandisha nyayo juu ya mapaja: kinachotakiwa kuzunguka ni nyonga, na nyonga ikikataa, anayelipa ni goti, ambalo liliumbwa hasa kwa kukunjuka na kukunjana.

Kuhusu kusimama kwa kichwa sina maneno mengi: shingo ina pingili 7 zilizozoea kubeba kichwa cha takriban kilo 5, na katika darasa la watu mchanganyiko mkao huo uachwe. Mwenye presha ya kupanda au glakoma, yaani ugonjwa wa presha ya jicho, asiufanye kabisa. Habari hizo ziulizwe pembeni, kabla ya kuanza, kwa sababu si wengi watakaotaja presha au mimba changa mbele za watu.

Tena kuna adabu zetu. Mwalimu akiuliza, “Unaumia?” atajibiwa, “Hapana mwalimu, niko sawa,” hata kama jasho limemtoka mtu kwa maumivu. Heri aulize, “Unausikia mvuto wapi?” huku akitazama taya na pumzi, kwani aliyebana pumzi amekwisha kujibu. Asubuhi za Juni na Julai huko Arusha, mji ulio kwenye takriban mita 1,400, swali hilo lisubiri hadi miili ipashwe moto kwa dakika 10 hadi 15, maana misuli ya baridi hunyooka kwa shida.

Mpagazi wetu akiulizwa hivyo, huenda akagusa chini kabisa ya tako, pale kano inaposhikana na mfupa. Basi akunje magoti kidogo, akalie blanketi lililokunjwa, na kanga ipitishwe kwenye nyayo ili aishike badala ya vidole. Akiulizwa tena, mkono wake utahamia katikati ya paja, kwenye nyama ya msuli, na hapo anaweza kutulia pumzi tano.